Mbele ya Mvua

Mwezi wa Aprili Nairobi, kabla mvua haijafika, upepo baridi hutangulia. Vumbi linainuka, karatasi zinaruka, mama mboga anakimbilia kufunika nyanya zake. Dakika chache baadaye, maji. Nimeishi na upepo huo miaka yote bila kujua kwamba kuna mtu aliyewahi kuupanda kama sisi tunavyopanda matatu, akaenda nao kilomita 272.

Aliitwa Günther Groenhoff, Mjerumani aliyezaliwa 1908. Tarehe 4 Mei 1931 aliondoka Munich ndani ya glaida, yaani ndege isiyo na injini hata moja, dhoruba ya radi ikija nyuma yake. Alitua Kaaden, mji ambao leo uko Ucheki na huitwa Kadaň. Hakuna glaida iliyokuwa imefika mbali hivyo.

Kwa nini Wajerumani? Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyima jeshi la anga, na kwa miaka kadhaa ukawabana hata katika kutengeneza ndege za injini za kawaida. Mkataba haukusema kitu kuhusu ndege zisizo na injini. Basi mwaka wa 1920 mhandisi Oskar Ursinus akaita vijana kwenye mlima Wasserkuppe waje na walichojiundia wenyewe: mbao, kitambaa na gundi. Wengi walikuwa wanafunzi, na pesa hawakuwa nazo. Kundi la watu lilivuta kamba ya mpira kuteremka mlima, kamba ikaachiliwa, ndege ikarushwa kama jiwe la manati. Kusema kweli, kuna kitu napenda hapo, vijana waliofungiwa mlango wakatafuta dirisha. Lakini tusiwe wepesi wa kushangilia, kwa sababu dirisha lenyewe lilikuja kutumiwa na wengine.

Mwanzoni hawakwenda mbali. Waling'ang'ania mteremko pale upepo unapougonga na kupanda juu. Ukitoka mlimani, unashuka, hadithi imeisha. Tumbusi wetu wangewacheka. Wao huzunguka ndani ya hewa moto inayopanda kutoka ardhini, wakifika juu wananyoosha mabawa na kuteleza hadi kwenye hewa moto nyingine, na siku inaisha wamevuka nchi bila kupiga bawa sana. Mtafiti Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata Serengeti miaka mingi baadaye, akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo, ili aone kwa macho yake wanavyofanya. Wajerumani wa miaka ya 1920 walikuwa bado wanabahatisha.

Kisha ikaja bahati ya Max Kegel. Agosti 1926 alipaa Wasserkuppe wakati wingu la radi linakaribia, likamnyakua. Alirushwa huku na huku, hakuwa dereva tena bali mzigo, na alipotupwa nje akajikuta amesafiri kama kilomita 55. Wenzake wakampa jina la utani, Gewitter-Maxe, Maxe wa Radi. Walicheka, ila mtaalamu wa hali ya hewa Walter Georgii, aliyeongoza utafiti pale mlimani, alitaka kujua ni nini hasa kilichombeba.

Jibu ni ule upepo wa mama mboga. Dhoruba inapokuja, hewa baridi husambaa mbele yake karibu na ardhi kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hewa baridi ni nzito, kwa hivyo inaingia chini ya hewa vuguvugu na kuisukuma juu. Dhoruba zikipangana mstari mrefu, mbele yake unapata ukanda wa hewa inayopanda, nao unatembea pamoja na dhoruba. Majira ya kuchipua huko Ulaya ni mazuri kwa mambo haya, na mabaya vilevile, maana jua limeshaanza kupasha ardhi moto ilhali juu bado kuna baridi kali. Hewa haitulii.

Sasa fikiria kazi ya Groenhoff siku ile. Akikimbia mbele sana, hewa inayopanda inaisha na anashuka. Akichelewa kidogo, wingu linamvuta ndani, kwenye giza, mvua ya mawe na radi, na mbao zina kikomo chake. Ndege yake iliitwa Fafnir, jina la joka wa hadithi za kale, na ilikuwa imebuniwa na Alexander Lippisch. Mabawa yalikuwa na upana wa mita 19. Kichwa cha rubani kilifunikwa kwa mbao, akachungulia nje kupitia matundu ya ubavuni. Hebu waza: dhoruba inakufukuza, na mbele yako ni ubao.

Watu humwita jasiri, wengine kichaa. Mimi naona mtu makini. Kegel alinyakuliwa, Groenhoff alichagua mahali pa kukaa, akapashikilia kilomita baada ya kilomita, akavuka mto Danube, akavuka mpaka wa nchi. Hiyo si bahati tena.

Julai 1932, kwenye mashindano ya Wasserkuppe, Fafnir iliumia usukani wa mkiani wakati wa kurushwa. Groenhoff aliruka nje, lakini alikuwa chini mno kwa mwavuli kumsaidia. Alikuwa na miaka 24.

Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali, na vilabu vya glaida vikawekwa chini ya dola. Vijana waliojifunza kusoma hewa pale mlimani wakawa akiba ya marubani wa vita. Mpinzani mkubwa wa Groenhoff, Robert Kronfeld wa Austria, ambaye 1929 alikuwa wa kwanza kupita kilomita 100 kwa glaida, alikuwa Myahudi. Ilibidi akimbie. Aliishia Uingereza, akawa raia, na akaendelea kujaribu glaida mpya hadi moja ikamuua Februari 1948.