Dawa ya Vita Visiwani

Tangu binadamu alipoanza kupigana, amekuwa akitafuta nguvu isiyoonekana ya kumsaidia. Mkuki unaonekana, na kinachoonekana chaweza kukwepwa. Lakini mtu atakwepaje upepo ulioagizwa, au radi iliyotumwa kwa jina lake? Kwa hiyo karibu kila taifa lililowahi kwenda vitani lilikwenda na silaha za namna mbili: zile za mkononi, na zile za mganga.

Siku hizi vita vya uganga vimehamia kwenye kioo cha kompyuta na cha simu. Mpwa wangu, ambaye ni hodari wa mambo hayo, alinieleza habari za mchezo mmoja ulioitwa Spellbreak, uliotengenezwa na kampuni ya Proletariat ya Boston, Marekani. Ulifunguliwa kwa watu wote Septemba 2020, na mitambo yake ikazimwa mapema mwaka 2023. Humo hapakuwa na bunduki. Kila mchezaji alivaa glovu za uganga, na kila glovu ilikuwa na nguvu yake: moto, barafu, radi, jiwe, upepo au sumu. Nguvu hizo ziliweza kuchanganywa. Moto ukitupwa ndani ya kimbunga, kimbunga chenyewe kinawaka. Moto ukigusa wingu la sumu, wingu linalipuka. Wachezaji walishuka kwenye nchi moja, kila mmoja au kila kikundi dhidi ya wengine wote, huku tufani ikiwazunguka na kuwabana mahali padogo zaidi na zaidi, mpaka akabaki mshindi mmoja.

Mtu aliyewahi kukaa Goziba hahitaji kuelezwa sana habari ya tufani inayozunguka kisiwa. Goziba, pamoja na Bumbire, Kerebe na Ikuza, ni miongoni mwa visiwa vya Wilaya ya Muleba, katika Ziwa Victoria. Wakazi wake huishi kwa sangara na dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbali na nchi kavu. Upepo ukibadilika, mvuvi hana pa kujificha. Ndiyo maana wazee wa Buhaya hawakuliona ziwa kuwa ni maji tu. Walilipa mwenyewe, na jina lake ni Mugasha.

Katika masimulizi ya Wahaya, mamlaka ya ulimwengu yaligawanywa. Wamara alikuwa mkuu, mtawala ambaye mwisho wake ulikuwa kuzimu. Irungu alipewa pori, Kazoba akapewa jua, Ryangombe akapewa ng'ombe. Mugasha alipewa ziwa, pamoja na mvua na dhoruba zake. Ng'ambo ya kaskazini, Waganda walimwita mwenye ziwa Mukasa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Waimbaji wa enanga waliyaimba matendo ya Mugasha kama shujaa mwenye nguvu zipitazo za kibinadamu. Msomaji ataona kwamba waliobuni mchezo ule wa Boston hawakuvumbua jambo geni. Nao waligawa moto kwa huyu, upepo kwa yule, wakaachia nguvu zipambane. Tofauti ni kwamba kwa wazee nguvu hizo zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walitaka heshima. Mtu hakuziokota njiani.

Sasa tuuache mchezo kidogo, tutazame vita vyenyewe. Katika mwaka mmoja tu, 1875, ziwa hili lilishuhudia matukio mawili ambayo yakiwekwa pamoja yanafundisha mengi kuhusu uganga wa vita. Mhusika mkuu katika yote mawili ni mtu yule yule, Henry Morton Stanley.

Tukio la kwanza lilitokea Bumbire. Tarehe 28 Aprili 1875 Stanley alifika huko na mashua yake, Lady Alice, akitafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua hadi nchi kavu, wakachukua makasia, wakakaa kushauriana kuhusu wageni hao. Watu wa Stanley waliisukuma mashua majini ghafla, naye akafyatua bunduki yake ya kuwindia tembo kwa waliomfuata, akazamisha mitumbwi miwili. Waling'oa mbao za ndani ya mashua wakazitumia kama makasia. Waliokoka, lakini watu kadhaa wa Bumbire waliachwa wamekufa.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo. Halikuishia hapo. Mapema Agosti alirudi na watu wapatao 280 katika mitumbwi 18, wengi wao Waganda wenye mikuki, na bunduki kama 50. Watu wa Bumbire walijipanga ufukweni na pinde, mikuki na makombeo ya mawe. Stanley hakushuka. Aliipanga mitumbwi mbali kidogo, mahali ambapo risasi inafika na mshale unachoka, akaamuru watu wafyatue. Katika barua aliyoipeleka magazetini aliandika kwamba maiti 42 walihesabiwa na zaidi ya watu 100 walionekana wakiondoka na majeraha. Kwa upande wake, wawili walipata michubuko ya mawe. Barua hiyo iliposomwa Uingereza mwaka 1876, wako Waingereza waliokasirika na kuuliza hadharani ni kwa mamlaka gani mtembezi huyo alikwenda kuwaadhibu watu katika nchi yao.

Hapo hapakuwa na uganga wowote. Hata hivyo, tujiweke mahali pa mtu aliyesimama ufukweni siku ile. Anamwona adui yule pale, lakini mkono wake haumfikii. Anasikia mlio, na jirani yake anaanguka. Mara nyingi husemwa kwamba wazee wetu waliiona bunduki kuwa ni uchawi kwa sababu ya ujinga. Mimi sioni ujinga hapo. Kuua kutoka mahali ambapo wewe huwezi kuuawa ndiko hasa walikokuwa wakikutafuta waganga wa vita wa dunia nzima.

Tukio la pili lilifuata baada ya miezi miwili, upande wa kaskazini wa ziwa hilo hilo. Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa akipigana na Wavuma, watu wa visiwa waliokataa kumtii. Jeshi la Kabaka lilikuwa kubwa mno, lakini Wavuma walikuwa mabingwa wa maji, wakajikusanya katika kisiwa kidogo cha Ingira, karibu na mahali ambapo Naili hutoka ziwani. Kabla ya mapigano, waganga wa Kabaka, wanaume na wanawake zaidi ya 100, walipita mbele yake na hirizi zao moja baada ya nyingine, naye akazielekezea kidole. Sherehe ilikuwa ndefu. Hata hivyo mitumbwi ya Waganda iliendelea kushindwa na mitumbwi ya Wavuma.

Ndipo Stanley, aliyekuwa mgeni wa Kabaka, alipotengeneza dawa yake mwenyewe. Alifunga mitumbwi mitatu mikubwa pamoja, akaijengea boma la fito juu yake, likafunikwa pande zote hata asionekane mtu. Ndani alitia wapiga makasia na askari, jumla yao 214. Mwezi Oktoba boma hilo likaenda polepole kuelekea Ingira, kana kwamba linajiendesha. Sauti kubwa ikatoka ndani yake ikiwaambia Wavuma kwamba humo mna pepo mkali, na kwamba wasiposalimu amri kisiwa chao kitaangamizwa. Wavuma walitazama, wakashauriana, wakakubali kuleta ushuru. Vita ikaisha bila boma lile kumwaga damu.

Angalia sasa, msomaji. Yule yule aliyeitwa mtu wa sayansi na maendeleo ndiye aliyeshinda kwa pepo, pale waganga 100 wa Kabaka waliposhindwa. Tena alishinda kwa kuwa yeye mwenyewe hakuamini hata kidogo. Alijua nini kimo ndani ya boma. Na jambo linalonisumbua mimi ni hili: mtu aliyejua mwezi Oktoba jinsi ya kumaliza ugomvi kwa kutisha tu, kwa nini mwezi Agosti aliona lazima kuhesabu maiti 42? Ingira inatuonyesha kwamba akili ya kuepusha damu alikuwa nayo. Bumbire hakuitumia.

Kutokana na matukio hayo napata kanuni moja. Dawa ya vita hufanya kazi moyoni, si mwilini. Basi la kuuliza kwanza ni hili: imeelekezwa kwenye moyo wa nani? Ikielekezwa kwa adui ili aogope, yaweza kuokoa maisha ya pande zote mbili. Ikielekezwa kwa watu wako mwenyewe ili wasiogope, hapo gharama ni nyingine kabisa.

Mfano wake mkubwa tunao hapa kwetu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Kazi moja maji yale yaliifanya kweli: yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ya kusini, ambao kabla ya hapo hawakuwahi kusimama pamoja. Vita vilianza Umatumbini Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti, na tarehe 30 mwezi huo huo maelfu waliikabili bunduki ya rashasha ya Wajerumani kule Mahenge. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa katika vita hivyo na njaa iliyofuata kuwa 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliona wanafika 250,000 hadi 300,000. Ebrahim Hussein alilichukua swali hilo zito katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969.

Miaka 80 baadaye, Alice Lakwena wa kaskazini mwa Uganda aliwapaka askari wake mafuta ya mti ili risasi zisiwaingie, akawakataza kujificha mbele ya adui. Walifika mbali, mpaka karibu na Jinja, si mbali na maji yale yale ya Ingira, wakasambaratishwa mwishoni mwa mwaka 1987. Yeye alikimbilia Kenya, akafia kambini Januari 2007.

Katika vita vya namna hii dawa huja na miiko. Usifanye hiki, usile kile, usigeuke nyuma. Miiko hiyo ina faida yake, kwa maana hulifanya jeshi kuwa na nidhamu. Lakini ina ubaya mmoja mkubwa. Mtu akianguka, husemwa kwamba alivunja mwiko. Dawa haishindwi kamwe. Anayeshindwa ni marehemu. Hivyo mtu yule hufa mara mbili, kwa risasi na kwa lawama.

Nikiulinganisha na hayo, mchezo wa mpwa wangu una haki ambayo historia haikuwa nayo. Tufani huwabana wote kwa kipimo kimoja. Hakuna anayesimama nje ya duara akiwapiga walio ndani. Anayeanguka huanza tena baada ya dakika chache, na hakuna anayemwambia kwamba alivunja mwiko. Kwa hiyo siwakatazi vijana kucheza. Acha watupiane radi na barafu.

Ila nimeona jambo jingine katika michezo hiyo. Kila mchezaji anapoanguka, jina lake huandikwa kwenye kioo, wote walisome, pamoja na jina la aliyemwangusha. Barua ya Stanley kuhusu Bumbire ilitoa hesabu, majina haikutoa. Wale 42 walikuwa na wake na watoto, na walikuwa na mashamba na nyavu. Visiwa bado vipo, na ukoo haufi kwa siku moja. Walimu wa Bumbire, Iroba na Goziba wangefanya kazi njema kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee, daftari mkononi, wakaulize ni ukoo gani ulipoteza mtu mwaka ule. Hata jina moja likipatikana, litakuwa limeokolewa.