Laibrari ya Pamoja Ikae Wapi?

Leo tuongelee kitu ambacho kila anayechungulia ndani ya Linux hukutana nacho. Kwa nini kuna /lib, halafu /usr/lib, halafu tena /usr/local/lib? Si folda moja ingetosha jamani?

Laibrari ya pamoja ni kama mfongo huku mlimani. Mfereji ni mmoja, vihamba vingi vinanywa, hakuna haja ya kila mtu kuchimba wake. Programu nazo zinachota msimbo kwenye faili moja, diski na kumbukumbu vinaokolewa. Ila mmoja akivuruga banio, wa chini wote wanakauka.

Sasa historia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akina Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walikuwa wakiendesha Unix kwenye kompyuta ya PDP-11. Diski ilikuwa ndogo, ikajaa. Ile ya pili, yenye mafaili ya watumiaji chini ya /usr, ikabebeshwa na sehemu ya mfumo. Falsafa hakuna hapo, ni shida ya nafasi tu! Laibrari za pamoja zilipokuja kuenea, mfano kwenye SunOS 4.0 ya 1988, zilikuta folda zimeshapangwa.

Kwenye Linux kila msambazaji alipanga kivyake, mpaka Februari 1994 ulipotoka mwongozo wa FSSTND, ambao baadaye ukawa FHS. Ukagawa hivi: /lib ni za kuwashia mashine, /usr/lib ni za vifurushi vya mfumo, /usr/local/lib ni za msimamizi anayejiwekea programu mwenyewe. Mfumo ukisasishwa, /usr/local haiguswi.

Fedora 17 ya mwaka 2012 ndiyo ikaihamishia /lib ndani ya /usr. Yaani kujaa kwa diski moja kulitusumbua miaka 40!

Kwa nini nawaambia haya? Tunasomea ualimu, na mwalimu kijana ndiye hukabidhiwa chumba cha kompyuta. Ukibandika laibrari mpya juu ya ile ya /usr/lib, programu yako itafunguka, nyingine zitagoma, na kesho darasa zima linakutazama. Weka yako /usr/local/lib, endesha ldconfig, basi.

Mfongo una wenyewe na una zamu, haufunguliwi kienyeji. Haya, alamsiki!