Kitendo Kinapopata Jina: Historia ya Nomino za Kiingereza Zilizozaliwa na Vitenzi

Mwaka 1853, katika mji wa Preston kaskazini mwa Uingereza, wafumaji wa viwanda vya pamba walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 10. Wenye viwanda hawakungoja moto usambae. Oktoba walifunga milango, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki nje majira yote ya baridi. Charles Dickens alifika Januari 1854 kujionea mwenyewe, na mwaka huohuo akatoa riwaya yake Hard Times. Kitenzi "lock out" kilikuwepo zamani, nacho kilimaanisha tu kumfungia mtu nje, jambo ambalo hata mke aliyekasirika angeweza kumfanyia mume aliyerudi usiku wa manane. Miaka hiyo ya Preston ndipo nomino "lock-out" ilipoanza kuzoeleka, ikitaja silaha ya mwajiri kama vile "strike" ilivyotaja silaha ya mfanyakazi.

Jambo likishapata jina linaweza kuwekewa tarehe, kulaumiwa, kutungiwa sheria. Wananchi wa Dublin wanaukumbuka mwaka 1913 kwa jina hilohilo, pale waajiri wakiongozwa na William Martin Murphy walipowafungia nje watu wapatao 20,000 ili kukivunja chama cha James Larkin. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ina sehemu nzima kuhusu migomo na wafanyakazi kufungiwa nje. Ndiyo maana naona nomino za aina hii hazipaswi kuachiwa walimu wa sarufi peke yao. Karibu kila moja ilizaliwa mahali fulani pa kazi, jela, melini au jukwaani, na bado ina harufu ya pale ilipotoka.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna shida ya kuunganisha vipande ili kupata nomino. Kutokana na "funga" tunapata fungua, fungia, fungana, kisha kifungo, ufunguo, mfungwa, mfungo, yote kwa viambishi. Kiingereza kilipoteza sehemu kubwa ya viambishi vyake vya kale, kikabaki kuegemea vijineno vifupi vinavyosimama kando ya kitenzi: up, out, down, in, off, over. Watawa wa Peterborough, Uingereza, walioendelea kuandika kumbukumbu yao ya matukio hadi mwaka 1154, tayari walikuwa wakivitumia hivyo, na wanaisimu wengine huona humo athari ya Wanorse waliohamia mashariki mwa Uingereza.

Lakini nomino hazikufuata mara moja. Kwa karne nyingi, aliyetaka nomino alitanguliza kijineno: "downfall", "outcry", "income", "outbreak". "Income" enzi hizo ilikuwa kuingia tu, yaani mtu kufika mahali. Maana ya kipato ilikuja baadaye. Mpangilio mpya, kitenzi mbele na kijineno nyuma, ulianza kushika kasi katika karne ya 16, na matokeo yake Kiingereza leo kina ndugu wawili waliozaliwa na wazazi walewale lakini hawafanani. "Outbreak" ni kuzuka kwa maradhi au vita, ilhali "breakout" ni wafungwa kutoroka. "Outlay" ni fedha zilizotumika, "layout" ni mpangilio wa ukurasa au wa nyumba. "Upset" ni mvurugiko, "setup" ni namna vitu vilivyopangwa, na mtaani ni mtego aliowekewa mtu asiye na hatia. Hakuna kanuni itakayomwambia mgeni lipi ni lipi. Ni historia tu.

Miongoni mwa zile za mwanzo, tatu mashuhuri zilitaja watu, tena wasio na heshima: "runaway", mtoro, "castaway", mtu aliyetupwa, ambaye yumo katika Biblia ya Mfalme James ya 1611, na "go-between", mpeleka maneno wa wapenzi, ambaye Shakespeare alimtia kinywani mwa mhusika wake Falstaff. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vingine, akasema amevikusanya kwa uangalifu. Wanafunzi wetu wa kidato cha nne wangemshukuru. Istilahi yenyewe inayotumika leo na wanasarufi wa Kiingereza kwa vitenzi hivyo, "phrasal verb", ilichelewa mno: Logan Pearsall Smith aliieneza katika kitabu cha 1925, akisema amepewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Karne ya 19 ikawa msimu wa mavuno, hasa Marekani. Wacheza karata walileta "showdown", majambazi wa barabarani "hold-up", mabondia "knockout", ambayo Waswahili wa ulingoni wanaiita nokauti bila kuuliza imetoka wapi. "Handout" ilikuwa chakula ambacho mzururaji asiye na kazi alipewa kwenye mlango wa nyuma wa nyumba za watu. Leo ni karatasi anazogawa mhadhiri, na Kenya wakati wa kampeni ni noti za mwanasiasa. Maana hii ya tatu naiona karibu zaidi na ya kwanza, kwa kuwa mpokeaji bado anasimama mlangoni.

"Blackout" ilianzia jukwaani, taa zikizimwa ghafla kumaliza onyesho. Septemba 1939 Uingereza nzima ikaingia gizani kwa amri, madirisha yakifunikwa ili ndege za Wajerumani zisione miji, na neno likatoka kwenye maigizo likaingia vitani. Marubani walilitumia kwa kupoteza fahamu angani. Tarehe 9 Novemba 1965, umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na kuwaacha watu wapatao milioni 30 gizani, halikuhitaji tena kuelezwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kijineno kifupi kabisa, "in". Tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne weusi wa chuo kimoja cha Greensboro, North Carolina, Ezell Blair Jr., David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, mahali palipotengwa kwa wazungu. Waliagiza kahawa, wakanyimwa, wakabaki pale pale hadi duka likafungwa. Kesho yake walirudi na wenzao. Ndani ya wiki chache miji mingine ya Kusini ilikuwa ikifanya vivyo hivyo, na Julai kaunta ile ya Greensboro ikaanza kuwahudumia weusi. Wafanyakazi wa General Motors huko Flint walikuwa wamekalia kiwanda mwishoni mwa 1936, lakini kwao neno lilikuwa "sit-down". Greensboro ndiyo iliyoipa "sit-in" umaarufu, na jina likaanza kuzaa.

Waandamanaji walioingia makanisa ya wazungu kupiga magoti walifanya "kneel-in". Waliojitosa kwenye fukwe zilizotengwa walifanya "wade-in". Usiku wa 24 Machi 1965 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Michigan walifundisha hadi asubuhi kuhusu vita vya Vietnam: "teach-in". Januari 1967 vijana wa San Francisco walikusanyika Golden Gate Park kwa "be-in", yaani kuwapo tu. Machi 1969 John Lennon na Yoko Ono walilala kitandani katika hoteli ya Amsterdam mbele ya waandishi wa habari, wakadai amani: "bed-in". Wakati huo televisheni ya Marekani ilikuwa tayari na kipindi cha vichekesho kiitwacho Laugh-In. Kutoka kwa vijana waliohatarisha maisha yao hadi mzaha wa jioni, miaka minane tu. Hapo "in" haikuwa tena kielezi. Ilikuwa kiambishi tamati, karibu kama vyetu.

Kuandika kwenyewe kuna mchezo wake. Kitenzi hubaki maneno mawili, nomino hupewa kistari, kisha kistari hufa na maneno huungana. Mwaka 2007 toleo jipya la kamusi fupi ya Oxford lilifuta vistari vipatavyo 16,000 kwa mkupuo. Anayezungumza Kiingereza tangu utoto hutofautisha kwa mkazo: kwenye nomino huangukia mwanzoni, kwenye kitenzi husogea nyuma. Masikio yetu yamezoea mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo tofauti hiyo hutupita. Si kosa letu pekee, maana hata Waingereza huandika "login" kama kitenzi kila siku.

"Lockdown" ilikua katika magereza ya Marekani miaka ya 1970, wafungwa wakizuiliwa selini kutwa. Gereza la Marion, Illinois, lilifungwa hivyo Oktoba 1983, baada ya askari wawili kuuawa, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miaka 20. Machi 2020 Rwanda iliwaambia raia wake wakae nyumbani, Uganda ikafuata, na mwaka huo kamusi ya Collins ikalichagua neno hilo la wafungwa kuwa neno la mwaka.

Nyingine husafiri na kupoteza nusu ya mwili. "Breakdown" kwa Kiingereza ni kuharibika, kwa mashine au kwa akili ya mtu, na Waingereza walipopata gari la kuvuta magari mabovu waliliita lori la "breakdown". Nairobi na Dar es Salaam lori likaachwa njiani. Gari lako likizima pale Ubungo unapiga simu kuita brekidauni, na kinachokuja ni winchi yenye dereva anayetaka fedha kwanza.