Alta: Mzinga Umestaafu, Rula Bado Iko Kazini

Mwaka 2023, Alta, mji mdogo wa michezo ya kuteleza kwenye theluji katika milima ya Wasatch, jimboni Utah, Marekani, ulijiandaa kuuaga mzinga wake wa kijeshi. Kwa karibu miaka 75 makombora yalirushwa mlimani alfajiri ili theluji iporomoke kabla watalii hawajaamka. Sasa kazi hiyo imechukuliwa na minara yenye baruti, inayofyatuliwa na mtu aliyekaa mbali. Mzinga umesifiwa kama mzee anayestaafu kwa heshima. Sina ugomvi nao. Ila anayestahili sifa za kwanza pale Alta ni ubao mweupe wenye rula.

Sisi wa huku theluji tunaiona kwa mbali, kama kilemba cha Kibo, na ni vigumu kuamini kwamba ina uzito wa kuua. Theluji ya Alta husifiwa kwa wepesi, lakini mita moja ya ujazo hubeba kilo 80 hivi za maji. Mteremko mzima ukikatika, hakuna ukuta wa kuuzuia. Wachimba madini ya fedha waliokuwa Alta hapo zamani walilijua hilo kwa machungu. Walikata miti ya mlimani wakaitumia kuegemeza migodi, miteremko ikabaki uchi, na Februari 1885 poromoko moja likaua watu 16. Bei ya fedha ilipoanguka, mji ukahamwa.

Uhai ulirudi Januari 1939, lifti ya viti ilipofunguliwa: senti 25 kwa safari moja, au dola moja na nusu kutwa nzima. Mlima ulikuwa chini ya Idara ya Misitu ya Marekani, kwa hiyo idara hiyo ndiyo iliyobeba mzigo wa kusema leo pafunguliwe au pafungwe.

Mwaka 1945 akaja Monty Atwater, mkongwe wa vita kutoka kikosi cha milimani cha Jeshi la Marekani, na mtunzi wa hadithi. Masimulizi mengi tuliyonayo yanatokana na yeye mwenyewe, katika kitabu chake *The Avalanche Hunters* cha 1968, na ndiyo maana baruti inavuma kuliko kitu kingine. Atwater hakutaka kusubiri mlima uamue saa yake. Alianza kwa kuteleza juu ya theluji mpya ili aikate kwa makusudi, kisha akatupa vifurushi vya baruti kwa mkono. Lakini kuipanda miteremko ile wakati wa dhoruba ni kujitafutia kaburi, akataka silaha ya kupiga kutoka bondeni.

Hapo ndipo penye kisa. Mzinga ulikuwa mali ya jeshi, na jeshi halimkabidhi mlinzi wa misitu silaha yake hivi hivi. Mwaka 1949 mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, wa enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, uliletwa Alta, lakini wafyatuaji walikuwa askari wa National Guard ya Utah. Aliyeujua mlima hakuruhusiwa kufyatua, na aliyeruhusiwa kufyatua hakuujua mlima. Dhoruba nayo haingoji barua ijibiwe. Ilichukua miaka hadi walinzi wa misitu walipofundishwa na kuachiwa wafyatue wenyewe.

Lakini mzinga haujui siku ya kupiga. Siku hiyo ilisemwa na ubao. Mlinzi alikwenda kila asubuhi kwenye ubao uliolazwa juu ya theluji ya jana, akasoma kina kwenye rula, akapima uzito wa theluji ili ajue imebeba maji kiasi gani, akaufuta ubao, kisha akaulaza tena juu kabisa kungoja theluji nyingine. Kutokana na vipimo hivyo Atwater aliorodhesha mambo kumi ya kutazama, yakiwemo upepo, joto, kina cha theluji mpya na kasi yake. Ikianguka zaidi ya inchi moja kwa saa huku upepo ukivuma, kaa chonjo. Mwaka 1952 mambo hayo yaliingia kwenye kitabu cha mwongozo, na mwaka huohuo akajiunga naye Ed LaChapelle, mwanasayansi aliyekuwa ametoka kujifunza kwenye taasisi ya theluji ya Davos, Uswisi.

Yaliyofuata ni mafupi. Tangu 1980 kituo cha Utah hutoa utabiri wa hatari ya maporomoko kwa umma. Mwaka 2005, katika korongo moja la jimbo hilo, kombora la kuporomosha theluji lilipitiliza mlima likalipuka uani kwa watu huko Pleasant Grove. Hakuna aliyekufa, ila imani kwa mizinga ilitikisika. Februari 2021 wakazi na wageni wa Alta walifungiwa majumbani kwa saa 60 kwa hofu ya maporomoko, marufuku kutoka nje. Msimu wa 2022–23 ukavunja rekodi kwa theluji ya inchi 903, karibu mita 23.

Inchi hizo 903 hazikuhesabiwa na mzinga. Kila moja ilisomwa na mtu aliyeamka kabla ya wenzake, akainama na tochi mbele ya ubao, akaandika namba, akaufuta. Wa kumwandalia sherehe ya kustaafu hajatokea, na kesho theluji ikianguka atatakiwa palepale.