Kati ya Neno na Sentensi: Historia ya Kirai na Kishazi katika Sarufi za Kiswahili

Sarufi za Kiswahili zilizochapishwa tangu katikati ya karne ya 19 zimelishughulikia neno kwa kina na sentensi kwa juu juu, huku vipashio vilivyo baina ya viwili hivyo, yaani kirai na kishazi, vikichelewa mno kupata nafasi yake. Makala haya yanafuatilia kuchelewa huko. Hoja inayotetewa ni kwamba sababu haikuwa uvivu wa wanasarufi, wala haikuwa tu kwamba wengi wao walikuwa wageni. Kiswahili chenyewe kina kitenzi ambacho peke yake chaweza kuwa sentensi kamili, na sarufi iliyokwisha kukieleza kitenzi hicho kiambishi kwa kiambishi ilijiona imekwisha kuieleza sentensi.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870. Mpangilio wa Steere ni wa aina za maneno: nomino, vivumishi, namba, viwakilishi, vitenzi, vielezi, vihusishi, viunganishi na vihisishi, kila sehemu ikifuatwa na orodha. Msomaji aliyekusudiwa alihitaji kuhubiri, kufanya biashara na kutafsiri, naye alihudumiwa vizuri. Lakini katika mpangilio huo maneno yanayokwenda pamoja hayana jina la pamoja. Upatanisho unaelezwa kama sheria inayolibana neno mojamoja, si kama kifungo kinacholifanya kundi la maneno liwe kitu kimoja.

Ni vyema kutua kidogo katika suala la mipaka ya neno, kwa kuwa hapo ndipo msingi wa tatizo ulipo. Wanaoandika Kitswana huandika *ke a mo rata*, maneno manne. Wanaoandika Kizulu huandika *ngiyamthanda*, neno moja. Mswahili huandika *ninampenda*. Maana ni ileile na viambajengo vinakaribiana, ila tahajia imefanya uamuzi ambao sarufi ilipaswa kuufanya. Clement Doke, aliyeandika kitabu chake cha sarufi ya Kizulu mwaka 1927 na cha istilahi za lugha za Kibantu mwaka 1935, alitetea uandishi wa kuunganisha kwa hoja ya mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho hubeba mkazo, na kila mkazo mkuu ni neno moja. Kwa Kiswahili hoja hiyo inakubalika. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba kiima, njeo, yambwa na mzizi vikawa mambo ya mofolojia, na sintaksia ikaachiwa masalia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, nayo ilishughulika zaidi na tahajia na kamusi. Muundo wa sentensi haukuwa hitaji lake la haraka.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Waswahili hawakuwa na mazoea ya kuigawa tungo kabla ya wageni. Washairi walikuwa nayo. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hugawika katika vipande viwili vya mizani minane, ukwapi na utao, na katika miswada ya hati za Kiarabu kipande kilitengwa na kipande kwa alama, ingawa vituo vya uandishi tulivyovizoea leo havikuwapo. Mara nyingi kipande huishia pale kirai au kishazi kinapoishia, kwa kuwa msomaji hupumua hapo. Kitu hicho hakikuwa nadharia, lakini kilikuwa ni hisi ya viambajengo, na inasikitisha kwamba wanasarufi wa awali waliokusanya mashairi hawakukihusisha na sarufi waliyokuwa wakiiandika.

Hatua ya kweli ilipigwa na E. O. Ashton mwaka 1944. Kitabu chake kinaanzia kwenye dhana na uamilifu badala ya kuanzia kwenye aina za maneno za Ulaya, na kinaingiza kiimbo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa vitabu vya kufundishia. Kwake, *-a* ya *kitabu cha mtoto* ni *-a* ya uhusiano, na *-o* ya *kilichopotea* ni *-o* ya kurejelea. Katika istilahi za leo ni a-unganifu na o-rejeshi, na deni kwake li wazi. Ashton hakulipa kundi zima jina, lakini alikwisha kuonyesha ncha zake mbili.

Wakati huohuo, nje ya Afrika, nadharia ilikuwa ikibadilika. Leonard Bloomfield (1933) na Rulon Wells (1947) waliifanya sentensi kuwa ngazi za viambajengo: kundi ndani ya kundi hadi kufikia neno. Noam Chomsky, mwaka 1957, aliyafanya makundi hayo kuwa kanuni zinazozalisha sentensi. Kwa Kiswahili, Joan Maw alichapisha mwaka 1969 uchunguzi wa sentensi uliofuata mkabala wa Halliday, wenye ngazi za sentensi, kishazi, kikundi, neno na mofimu. Anthony Vitale alifuata mwaka 1981 kwa mkabala wa uzalishaji. Kazi zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa kuwapo kwa virai katika Kiswahili haukuhitaji nadharia hizo. Ulikuwa katika upatanisho. Linganisha *kitabu cha mwalimu kipya* na *kitabu cha mwalimu mpya*. Mfuatano ni uleule, lakini kiambishi cha kivumishi kinaonyesha kwamba katika tungo ya kwanza upya ni wa kitabu, na katika ya pili *mwalimu mpya* ni kundi lililo ndani ya kundi kubwa. Pale ngeli zinapolingana, kinga hiyo huondoka: *mtoto wa mwalimu mgonjwa* yaweza kuwa na maana mbili, mgonjwa ni mtoto au mgonjwa ni mwalimu. Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Kinachotofautiana ni kambamba isiyoonekana inayofunga neno hili na lile. Sarufi ya orodha za maneno haina namna ya kueleza utata huu. Sarufi ya virai inaueleza kwa michoro miwili.

Hali ni hiyohiyo kwa kishazi rejeshi. *Mwanafunzi aliyemsifu mwalimu* ni nani? Huenda ni mwanafunzi aliyetoa sifa, huenda ni aliyepewa. Kiambishi *-ye-* kinamrejelea mwanafunzi kwa vyovyote, lakini *a-* na *-m-* zinaweza kubadilishana wenyewe, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli moja. Ukitumia *amba-*, utata unakwisha: *mwanafunzi ambaye mwalimu alimsifu* si sawa na *mwanafunzi ambaye alimsifu mwalimu*. Aidha, mtu husema *barua aliyoiandika mwalimu*, na husema *barua ambayo mwalimu aliiandika*, lakini *barua mwalimu aliyoiandika* haikubaliki. Kirejeshi hutaka kukaa karibu na nomino inayorejelewa. Kikiwa ndani ya kitenzi hukivuta kitenzi kizima mbele, na kiima husukumwa nyuma. Hapa neno moja limefanya kazi ya kishazi, na mpangilio wa kishazi umetawaliwa na kiambishi kilicho ndani ya neno. Huo ndio mpaka ambao sarufi za awali ziliuchora kana kwamba ni ukuta.

Kuyasema haya kwa Kiswahili kulihitaji istilahi, na istilahi zilihitaji taasisi. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na ufundishaji wa isimu kwa Kiswahili ukalazimisha kila dhana ipewe jina. Kamusi ya istilahi za isimu na lugha iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikusanya majina hayo. Mwaka 1999 taasisi hiyohiyo ilichapisha *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu* ya Massamba, Kihore na Hokororo, na hapo ngazi ya kati ikapata kitabu chake. Kirai kikatofautishwa na kishazi kwa kigezo cha uhusiano wa kiima na kiarifu: kirai hakina uhusiano huo, kishazi kinao.

Kigezo hicho ni kizuri hadi kinapokutana na kitenzi. *Tumefika* ina kiima na kiarifu ndani yake. Je, kirai kitenzi kina maana gani katika lugha ambayo kitenzi chake tayari ni kishazi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kiambishi *tu-* ni kipatanishi tu, si kiima chenyewe. Jibu hilo linaelekea kuwa na udhaifu, kwa sababu wazungumzaji huacha nomino ya kiima bila kupoteza chochote. Utetezi bora unatoka kwenye uunganishaji. Katika *Asha amepika wali na kuosha vyombo*, kiima na njeo vimetajwa mara moja tu, na kinachounganishwa ni sehemu mbili za kiarifu. Bila kirai kitenzi, sentensi hiyo haina maelezo. Kwa upande mwingine, *alikuwa anasoma* ina vipatanishi viwili na njeo mbili. Wapo wanaoiita kirai kitenzi kimoja chenye kitenzi kisaidizi, na wapo wanaoona vishazi viwili. Uamuzi huo unabadilisha hesabu ya vishazi katika sentensi, na kwa hiyo unabadilisha kama sentensi itaitwa sahili au changamano.

Madarasani suala hili lina uzito wa alama za mtihani. Nchini Kenya, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985, uchanganuzi wa sentensi kwa matawi, jedwali na mishale ulienea katika vitabu vya kiada, ukitumia vifupisho KN na KT, yaani kikundi nomino na kikundi tenzi. Vitabu vingine, hasa vya vyuo, huandika kirai nomino na kirai kitenzi. Tofauti ya jina ni ndogo. Tofauti ya *cha mtoto* si ndogo: mwalimu mmoja huiita kirai kihusishi, mwingine kirai kiunganishi, mwingine kivumishi cha a-unganifu, na kila jina linaiweka katika tawi tofauti la mchoro. Mwanafunzi aliyehama shule huyachora matawi aliyofundishwa kwanza, na msahihishaji huyasoma kwa kitabu alichofundishwa yeye.