Kuzimika kwa injini: usukani na breki

Injini ya gari inapozimika njiani, usukani na breki huwa vizito, lakini havipotei. Usukani umeungwa na magurudumu kwa vyuma, na pedali husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu hata injini ikiwa kimya. Kinachoondoka ni msaada. Pampu ya usukani inayozungushwa na mkanda wa injini hukoma papo hapo, na uzito wa usukani husikika zaidi mwendo unapopungua. Busta ya breki hutumia ombwe, nayo huhifadhi akiba ya kukanyaga mara chache tu. Malori yenye breki za upepo ni habari nyingine: upepo ukipungua mno, springi hufunga breki zenyewe.

Dereva anayeshuka mteremko wa Bugando jijini Mwanza injini ikiwa imezimika atauliza: kama breki zipo, mbona pedali inagoma kama jiwe? Inagoma kwa sababu kila kukanyaga na kuachia kumekula akiba ile. Baada ya hapo mguu hufanya kazi yote peke yake. Ndiyo maana kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta ni kosa kubwa, hasa daladala ikiwa imejaa abiria, na gia ndogo injini ikiwaka ndiyo kinga halisi. Injini ikizimika ghafla, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, shika usukani kwa mikono miwili, wala usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, kwani usukani unaweza kujifunga.