Kidinga Popo, Dengue na Chikungunya

Mwanafunzi wa tiba hufundishwa mapema kwamba dalili si ugonjwa. Nasi tunaoshughulika na istilahi yatupasa kulikumbuka jambo hilo, kwani majina mengi ya maradhi yalitungwa na wagonjwa, na mgonjwa hutaja kile anachokihisi.

Mwaka 1823 Unguja ilikumbwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Iliporudi mwaka 1870, wazee waliitambua kwa jina lake, kidinga popo. Dkt. James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja wakati huo, alilinakili kama kidinga pepo, akaeleza kuwa ni mkazo wa misuli uletwao na pepo. Kwa maoni yake, jina hilo lilivuka bahari likafika visiwa vya Karibi mnamo 1827, na huko Wahispania wakalilinganisha na neno lao dengue, yaani mikogo, maana mgonjwa alitembea kwa kujibana kama mwenye maringo. Asili hiyo ingali ikijadiliwa.

Mwaka 1952 homa ya namna hiyo ilizuka katika nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde waliiita chikungunya, kwa jinsi ilivyomkunja mtu. Kirusi chake kilipatikana mwaka 1953, kikabainika kuwa si kile cha dengue. Ndipo mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alipotoa hoja kwamba hata homa za Unguja za 1823 na 1870 zilikuwa chikungunya, kwa kuwa maumivu ya viungo yaliendelea kwa muda mrefu. Ikiwa ni hivyo, basi jina letu lilisafiri na kuupa jina ugonjwa mwingine!

Tofauti hii si ya kamusi tu. Virusi vyote viwili huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, waumao mchana, na havina dawa ya kuviua. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji na hupewa parasetamoli. Lakini dengue huweza kumtoa mtu damu, kwa hiyo anayedhaniwa kuwa nayo hapewi aspirini.

Dengue ilipoenea Dar es Salaam mwaka 2014, wako waliosema homa ya dengu, kana kwamba imetoka jikoni. Wengine wamelifufua kidinga popo kwa maana ya dengue. Hatuwapingi. Tunachokitaka ni kwamba fasili yake katika kamusi itaje kirusi, mbu na hatari ya kutoka damu, wala isiishie kwenye maumivu ya viungo.